Nilisema ni Kiti

Kama unaona damu ukienda haja kubwa, weka maandishi haya kando, nenda hospitali, halafu urudi umalizie kusoma. Sitakasirika. Mimi nilikaa na damu yangu miezi kumi na minne nikiwa na jibu tayari mdomoni, na jibu lenyewe lilikuwa la kijinga.

Jibu lilikuwa kiti. Niliendesha magari ya mbio kwa miaka kumi na saba, rali za barabara za vumbi na za matope, kutoka huku kwetu Nyamira hadi kule ambako mvua hawaijui. Kiti cha gari la rali si cha kujinyoosha. Ni bakuli gumu lenye sponji nyembamba, unafungwa mikanda mpaka unapumua kwa kipimo, halafu mawe yanakupiga matakoni tangu asubuhi hadi jioni. Maji hatukuwa tunakunywa, maana ukinywa utataka kusimama, na anayesimama ameshindwa. Kwa hiyo kila dereva niliyemjua alikuwa na bawasiri, au alisema anazo. Tulichekana. Tulipeana majina ya dawa za kupaka kama akina mama wanavyopeana mbegu za mboga.

Aliyekaa kiti cha kushoto alikuwa Salim. Baba yake alikuwa na hadwea, duka la misumari na mabati, Kisii mjini, nami nilikuwa fundi kijana kwenye gereji iliyokuwa nyuma ya duka hilo. Gari letu la kwanza lilikuwa la huyo mzee, na hakujua tumeliingiza mashindanoni mpaka aliporudishiwa likiwa limepoteza taa moja na lina kikombe ndani. Kazi ya Salim ilikuwa kunisomea noti: kona ya kushoto, kali, usiikate, daraja, shika katikati. Mimi kona sijaiona bado, lakini akisema ipo, ipo. Watu wakanipa jina la Mbio, na hata leo nikienda soko la Ikonge sikosi mzee wa kuniita hivyo. Tuliacha mwaka ambao gari lilipinduka mara tatu tukiwa nafasi ya pili, Salim akavunjika bega ambalo halijawahi kunyooka tena. Nilikuwa na miaka arobaini na minne. Nikarudi Ekerenyo kwenye majani chai yangu, nikafungua shule ndogo ya kufundisha udereva.

Damu ilianza nikiwa na sitini na moja, katika baridi ya Julai. Mwanzoni ilikuwa tone, nikasema kiti. Kufikia mavuno ya wimbi mwaka uliofuata nilikuwa naenda choo mara saba kwa siku na kila mara natoka nikihisi sijamaliza. Mkanda wa suruali niliutoboa tundu la tatu kwa msumari. Angekuwepo Moraa, mke wangu, angenishika sikio. Lakini Moraa tulikuwa tumemzika miaka minne iliyotangulia, na mwanamume anayelala peke yake hana wa kumwona akipungua.

Aliyeona alikuwa mwanangu, Onchari. Siku moja alikuwa akisafisha pikapu yangu, akaondoa sweta niliyokuwa nimeitandika kwenye kiti, akakuta chini yake doa la damu kubwa kama sahani. Akairudisha sweta mahali pake, akamaliza kuosha gari, akaniletea funguo. Hakuniambia neno.

Msiokuwa wa huku mtamwona mjinga, kwa hiyo niwaeleze. Kwetu kuna chinsoni. Ni heshima iliyowekwa kati ya mzazi na mtoto aliyekwisha kutahiriwa, na mipaka yake ni mikali. Mimi siingii nyumba ya mwanangu. Yeye haingii chumba ninacholala. Hanioni nikioga, na sehemu ile ya mwili haitajwi kati yetu hata kwa mafumbo. Ndugu yangu angeweza kuniuliza, au rika langu, hata mjukuu angeweza kunitania. Mwana hawezi. Ndugu zangu wote wawili walikuwa wamekwisha kufa, na mjukuu wangu alikuwa bado ananyonya. Basi Onchari alikaa na ile damu moyoni wiki tatu nzima, kila asubuhi akinisalimia na kuniuliza habari za majani chai.

Wiki ya tatu alikwenda Kisii dukani kwa Salim, lile lililokuwa la baba yake. Salim aliniambia baadaye kwamba Onchari alinunua misumari kilo moja, akalipa, akasimama. Akanunua kilo nyingine. Alipoomba kilo ya tatu Salim akamwuliza, "Unajenga nini, kanisa?" Ndipo kijana mwenye miaka thelathini na miwili akalia mbele ya wateja.

Salim alifika kwangu siku hiyo hiyo, hakunywa hata chai.

"Kiti cha pikapu kina damu," akasema.

"Ni bawasiri hizo. Si unajua viti vyetu."

"Mimi nilikalia kiti kama hicho, mawe yale yale, miaka ile ile. Mbona changu kikavu?"

Nilimkasirikia sana, na hasira ile sasa naijua ilikuwa woga. Kesho yake tulikuwa hospitalini Kisii.

Chumba cha kungojea kilikuwa na mabenchi ya mbao, na kukaa kwenye mbao kulikuwa kuniumiza, kwa hiyo nilisimama ukutani kwa saa nne. Mwanamume mmoja alinitazama, akatabasamu. "Mbio? Si ni wewe?" Nikamwambia nimekuja kumwona mgonjwa. Nesi akaita jina langu kamili muda huo huo.

Daktari alikuwa msichana, mdogo kuliko Onchari. Aliniambia nilale kwa ubavu wa kushoto na kukunja magoti. Nilitazama ukuta, nikahesabu vigae. Alipomaliza akanawa mikono kwanza.

"Mzee, nimegusa uvimbe."

"Ni bawasiri."

"Bawasiri haziwi ngumu hivi."

Wakakata kinyama kidogo cha kupima. Kungojea majibu kulichukua siku kumi na sita, na siku hizo sizitaki tena hata kwa zawadi. Niliwafundisha wanafunzi wangu kurudi nyuma na kugeuza gari huku nikisema moyoni, kama ni mbaya, kama si mbaya. Majibu yalikuja mvua za Septemba zikianza. Ilikuwa saratani, mwisho kabisa wa utumbo, karibu na mlango wa haja.

Nilipelekwa Eldoret kwa mionzi, wiki tano, kila siku isipokuwa Jumamosi na Jumapili. Mimi ni Msabato, nikaona angalau mashine inaijua Sabato yangu. Mionzi haiumi ukiwa chini yake. Inauma baadaye, ngozi ya pale chini inapobabuka kama mtu aliyekalia jiko, na ukienda choo unauma taulo. Kule kulikuwa na mama mmoja mwenye saratani ya koo, hakuweza tena kumeza, lakini kila asubuhi alikuja na chupa ya uji wa wimbi akatumiminia sisi tulioweza. Alikuwa anafurahi kutuona tukimeza. Wiki ya nne hakuja, na hakuna aliyethubutu kumwuliza nesi.

Niliporudi, Novemba, yule daktari wa Kisii aliangalia picha akasema uvimbe umesinyaa vizuri. Nikacheka, nikamshika mkono. Akaniacha nimalize kucheka.

"Sasa tunaukata," akasema. "Lakini uko chini mno. Tutautoa pamoja na mlango wenyewe, halafu tupafunge. Utakuwa unapitishia choo hapa." Akagusa tumbo langu, upande wa kushoto. "Kwenye mfuko. Siku zote."

"Siku zote mpaka lini?"

"Siku zote, mzee."

Alisema kidonda cha nyuma kitachukua miezi kupona, na kitahitaji mtu wa kukiosha, maana mwenyewe sitakifikia. Aliuliza nyumbani nina nani. Onchari alikuwa amesimama mlangoni. Wote wawili tukaangalia sakafu.

Nikakataa. Nilisema afadhali nife nikiwa mzima. Daktari aliniambia nina wiki kumi, ikizidi hapo uvimbe utaota tena na huenda kisu kisifae kitu. Nikamshukuru, nikaenda nyumbani kuchuma chai.

Nitasema wazi kilichonishinda. Si kisu. Nimepinduka na gari mara tano, kisu nini. Ni mtoto wangu kunifunua na kuosha nilipofungwa, mimi niliyemfundisha kuvaa suruali. Kukodi mgeni nilikataa, maana Ekerenyo yote ingejua kabla ya chakula cha mchana. Salim alijitolea, lakini ana bega moja na sukari imemla macho. Alikuja wiki ya tatu tukagombana.

"Mficha uchi hazai," akanirushia methali yake ya mjini.

"Mimi nimeshazaa, Salim. Na hilo ndilo tatizo lenyewe."

Alicheka bila kutaka, kisha akaacha. "Nilikusomea noti miaka kumi na saba, hukuniuliza hata mara moja kama kona ipo. Leo nakuambia ipo, unaniuliza maswali." Akaondoka bila kuaga. Wiki ya tano ikapita, ya sita ikapita. Damu ambayo mionzi ilikuwa imeikausha ikarudi.

Wiki ya saba, asubuhi, Onchari alikuja mpaka mlango wa chumba changu cha kulala. Hakuingia. Alisimama kwenye kizingiti, mgongo amenipa, akazungumza na ukuta wa sebuleni.

"Tata," akasema, ndivyo tunavyomwita baba, "niliiona damu."

"Najua."

"Niliiona nikanyamaza wiki tatu. Heshima ilikula wiki tatu zako. Sasa imekula nyingine saba. Mimi siipi tena."

Nilimwambia hayo si maneno ya kumwambia mzazi. Akasema anajua, na kama nitamlaani nimlaani nikishapasuliwa. Hakuondoka. Nikamwambia anitafutie shati safi la kwendea hospitali, maana shati lilikuwa kwenye kamba nje na huko aliruhusiwa.

Nilipasuliwa Januari, kiangazi, siku ya jua kali. Nilipozinduka niliweka mkono tumboni nikakuta plastiki, na chini yake kitu chenye joto, ncha ya utumbo wangu iliyotolewa nje. Ni nyekundu, wenzangu, nyekundu na mbichi kama ndani ya shavu, na haina maumivu ukiigusa. Siku ya tatu ilitoa hewa kwa sauti wakati mchungaji akiomba. Mchungaji akafungua jicho moja. Nilicheka mpaka nyuzi zikaniuma, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilijua nitaishi, au nataka kuishi.

Lakini nyumbani nilidanganya. Nilikuwa nimekubali kisu, chinsoni sikuwa nimeiacha. Mfuko nilijibadilishia mwenyewe kwa kioo kidogo cha kunyolea. Nesi wa zahanati alikuja kuosha kidonda mara mbili kwa wiki, ingawa daktari alisema kioshwe kila siku. Onchari akigonga kuuliza kama kimeoshwa, namwambia ndiyo. Mkewe, Kwamboka, alikuwa anaacha maji ya moto yenye chumvi mlangoni, nami nayamwaga dirishani yakipoa. Kaeni hapo mnicheke. Mtu mzima, anamwagia migomba dawa yake.

Machi, mvua za masika zilipoanza, nikaanza kutetemeka. Nilisema ni baridi. Siku ya pili kidonda kilianza kunuka hata mimi mwenyewe nikakisikia. Mchana ule nilijaribu kubadilisha mfuko, mikono ikakataa, gundi ikabanduka upande, na kila kitu kikanimwagikia tumboni na mapajani. Nilisimama katikati ya chumba nimeshika shati, uchafu unashuka mguuni, na mifuko safi iko juu ya kabati nisipofika. Nesi alikuwa haji mpaka kesho kutwa.

Onchari aligonga.

"Tata, kuna harufu."

"Rudi kwako."

"Siendi."

"Onchari, nimesema rudi kwako."

"Nimekusikia. Fungua, au nivunje. Mlango niliutia bawaba mimi, najua pa kupiga."

Niliangalia lile komeo. Naomba mnielewe, nimewahi kuingia kona kwa kasi ya mtu asiyetaraji kutoka, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoliogopa komeo lile. Homa ilikuwa inanizungusha. Nilijua kabisa, kwa akili yangu timamu, kwamba nisipofungua nitakufa humo ndani, tena si baadaye, ni wiki ile ile. Na bado mkono haukwenda. Ulikaa na shati.

Kisha nikamsikia analia kule nje, taratibu, kama mtu anayejaribu kutosikika. Nikafungua.

Alivuka kizingiti. Alichukua beseni, akanishika kiwiko, akaniinamisha kwenye ukingo wa kitanda, akaniosha. Aliosha mguu kwanza, akapanda. Alipofika kwenye kidonda akasita, nikasikia anavuta pumzi, kisha akaosha hapo pia, kwa maji ya chumvi, polepole, na alipoona usaha akamwita Kwamboka kwa sauti atafute gari. Mimi nilikuwa nimefumba macho kama mtoto anayedhani akifumba haonekani. Nililia, nawaambia ukweli. Nilikuwa naona aibu na wakati huo huo nilikuwa nasikia nafuu mwilini, maji yale ya moto, sijui niyaweke wapi mambo hayo mawili.

"Nakuumiza?" akauliza.

"Hapo juu kidogo."

Hayo ndiyo maneno yote.

Nililazwa siku tisa. Daktari alisema siku mbili zaidi nisingekuwa wa kulazwa. Aliponiuliza kwa nini kidonda hakikuoshwa, Onchari alinijibia kwamba yeye ndiye aliyezembea. Nikamkatiza nikasema uongo huo usiandikwe.

Baada ya hapo kemo, dawa kali ya saratani ya kutiririshwa mshipani, kila wiki tatu, kuanzia Aprili hadi Septemba. Vidole vyangu vilikufa ganzi, sikuweza kushika kitu baridi, hata kijiko cha chuma. Nilipoteza kilo, nikapoteza hamu ya obokima, ugali wetu wa wimbi, jambo ambalo kwetu ni msiba mdogo. Salim alinitembelea kila drip, akiniletea ndizi mbivu na ugomvi. Na yeye mwenyewe, kwa taarifa yenu, alikwenda kupimwa, akarudi akitembea kwa fahari akitangaza dukani kwamba ni msafi. Onchari aliniosha kila siku mpaka kidonda kikafunga, Juni. Tulizoea. Siku hizi akinibadilishia mfuko tunabishana juu ya bei ya mbolea. Wazee wawili wa ukoo walimwita kumwuliza imekuwaje, akawajibu waje kesho saa mbili asubuhi waoshe wao. Hawakuja.

Wiki mbili zilizopita nilirudi Kisii kusikia majibu ya picha. Nilikuwa nimejiandaa kwa mabaya. Yule daktari alisema hakuna kitu. Akarudia, hakuna kitu. Nitapimwa tena baada ya miezi, na tena baada ya hiyo, lakini kwa sasa hakuna kitu.

Nikatoka, nikakaa kwenye benchi kungoja karatasi zangu. Nesi alipita, akauliza kwa sauti ya manesi ambayo hata aliye nje barabarani anaisikia, "Mzee, nani anakusaidia kubadilisha mfuko nyumbani?"

Benchi lilikuwa limejaa wanaume wa kwetu.

"Mwanangu," nikasema.

Mzee aliyekaa kando yangu, mtu wa Nyaramba, kofia magotini na picha zake za eksirei mkononi, aliacha kuzungusha ile kofia. Kijana wake alikuwa amesimama mbali, kule mlangoni. Mzee hakunitazama. Alisubiri nesi aende, akaniuliza kwa Ekegusii, lugha yetu, kwa sauti ya chini.

"Ulimwacha akaona?"

"Aliona."

"Yote?"

"Yote."

Akaangalia zile picha kama zina maandishi anayoweza kusoma.

"Na bado anakuita tata?"

"Leo asubuhi ameniita mara tatu," nikamwambia. "Mara mbili alikuwa ananigombeza."

Mzee akavaa kofia yake, akasogea kwenye benchi kuacha nafasi ya mtu mmoja, akainua mkono kuelekea mlangoni.